Kumpokea mwanafunzi wa kigeni nyumbani Kigoma: mwongozo kamili kwa familia

Mgeni wa siku mbili anachinjiwa kuku. Mwanafunzi wa miezi minne akichinjiwa kuku kila wiki, mwezi wa pili hela ya mboga imekata, dada wa kazi amenuna, na mwenyewe hajui kosa lake kwa sababu hakuna aliyemwambia kitu. Nyumba nyingi zinazoshindwana na wanafunzi wa kigeni hazishindwani kwa ubaya wa mtu. Zinashindwana kwa kuendelea kumfanya mgeni mtu ambaye keshakuwa mkaazi.

Mwongozo huu ni kwa familia za Kigoma mjini na Ujiji zinazoombwa na shule, chuo au mradi zimlaze na kumlisha kijana kutoka Ujerumani, Japani, Marekani au kwingineko wakati anasoma au anajifunza Kiswahili.

Kabla ya kusema ndiyo

Aliyekuleteeni ombi aandike, asiseme tu kwa simu: tarehe ya kufika na ya kuondoka, umri, jinsia, vyakula asivyokula, ugonjwa alionao na dawa anazotumia, Kiswahili chake kimefika wapi, nani analipa akilazwa, na namba gani inapigwa saa nane za usiku. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo mtakalolitafuta akipandwa na homa usiku wa Jumamosi.

Kisha karatasi. Viza ya matembezi haimruhusu kusoma miezi kadhaa. Mwanafunzi, mtafiti na mtu wa kujitolea wanahitaji kibali cha ukaazi cha daraja C, na anayehusika kukitafuta ni taasisi iliyomleta, si ninyi. Ninyi ombeni nakala mbili za ukurasa wa pasipoti wenye picha, kibali au viza, barua ya shule na kadi ya bima. Seti moja ikae kabatini, nyingine mpelekee mwenyekiti wa mtaa siku ya kwanza au ya pili, na mwanafunzi mwenyewe aende asalimie. Kigoma ni mkoa wa mpakani: Burundi iko jirani, Kongo iko ng'ambo ya ziwa, na maofisa wa uhamiaji wana kila sababu ya kuuliza sura ngeni inalala kwa nani. Mwenyekiti akiwa anamjua, swali linaisha dakika mbili. Akitoka mjini kwenda Kasulu au Kibondo abebe pasipoti yenyewe, maana njiani kuna vizuizi.

Mwambieni mapema pia kuhusu Bujumbura. Vijana hawa wakiona ramani wanaona ni karibu, wanataka wikiendi moja wapite Manyovu wakatembee. Mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka, viza yake imekwisha hapo hapo, na kurudi ni kuanza upya.

Hesabu ya pesa

Msikubali kiasi kabla ya kupima. Chukueni daftari, andikeni kwa wiki moja kila kinachonunuliwa: unga, mkaa au gesi, mboga, mafuta, sukari, maji, Luku. Gawanyeni kwa watu wazima wa nyumba, mpate gharama ya mtu mmoja. Halafu ongezeni vitu ambavyo mwanafunzi hutumia kuliko ninyi, na hivyo ni vitatu: umeme, maji na kazi ya dada.

Umeme tuupige hesabu. Kompyuta mpakato ya wati 60 ikichomekwa saa 5 kwa siku inakula uniti 0.3, yaani uniti 9 kwa mwezi. Hiyo si neno. Hita ya ndoo ya wati 1,500 ikitumika dakika 20 kila jioni inakula nusu uniti, sawa na uniti 15 kwa mwezi, kwa kuoga tu. Sasa angalieni daraja la mita yenu. Nyumba zilizo D1, la watumiaji wadogo, mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi zinauzwa kwa bei ya juu mara kadhaa. Familia iliyokuwa inatumia 60 inajikuta kwenye 84 na kumlaumu mgeni kwamba anaacha taa. Taa haina kosa, kosa ni hita. Dumu jeusi la lita 20 likianikwa juani tangu saa nne asubuhi, jioni maji yana uvuguvugu wa kutosha kuogea, bure.

Kitoweo kina hesabu yake. Dagaa wetu wanavuliwa usiku kwa taa, hivyo siku za mbalamwezi wavuvi wanakaa pwani, mitumbwi haitoki na bei inapanda. Mnajua hilo, mwanafunzi na mradi wake hawajui. Pangeni bei kwa wastani wa mwezi mzima, si kwa siku uliyokuta dagaa wamejaa Kibirizi. Wanaokuja likizo ya Ulaya wana la ziada: mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa miezi ya namna hiyo wekeni bajeti ya maharage, mayai na dagaa waliokaushwa mapema.

La dada wa kazi lisifichwe. Pesa za mwanafunzi zinaingia mfukoni kwa baba au mama, lakini sahani ya ziada, shuka za ziada na maji ya ziada anabeba dada. Asipoongezewa chochote atamchukia mgeni, na ana haki. Tajeni nyongeza yake kabla mwanafunzi hajafika, na ilipwe siku ile ile yenu inapoingia.

Yote haya yaingie kwenye karatasi moja: kiasi, tarehe ya kulipa (mwanzo wa mwezi, si mwisho), milo mingapi kwa siku, nani anafua, akisafiri wiki nzima inakuwaje. Pande zote zitie sahihi. Kuandikiana si kutoaminiana. Wao huko kwao ndivyo wanavyoheshimiana.

Chumba, choo na maji

Chumba si lazima kiwe kikubwa, lakini kiwe chake peke yake, mlango ufungwe kwa ufunguo kutoka nje na kwa komeo kutoka ndani. Kwa msichana komeo si hiari. Kitanda cha futi 4 kwa 6 kinatosha, godoro la inchi 6 kwenda juu, meza, kiti, na kamba au misumari ya kutundikia nguo. Kagueni kunguni kwenye viungo vya kitanda kabla hajaja, siyo baada ya kuanza kujikuna.

Chandarua kiwe chenye dawa na kipana kiasi cha kuchomekwa chini ya godoro pande zote nne. Kikiwa kipya, kitoeni kwenye mfuko mkianike kivulini saa 24 ndipo akilalie, vinginevyo macho na ngozi vitamwasha usiku wa kwanza naye atakiacha. Mfundisheni kukishusha jua linapozama, si anapokwenda kulala, kwa sababu mbu aliyeingia saa moja jioni atalala naye ndani.

Umeme wetu ni wa volti 230. Chaja za simu na kompyuta zimeandikwa 100–240, hazina shida. Anachohitaji ni adapta, maana plagi ya Ulaya ya miguu miwili ya mviringo haiingii vizuri kwenye soketi zetu za matundu matatu. Kasheshe ni kikausha nywele cha Marekani kilichoandikwa 120 peke yake. Hicho kikichomekwa kinatoa moshi, na pengine kinaondoka na fyuzi.

Choo kionyesheni kwa maneno, bila haya. Wengi hawajawahi kuchuchumaa wala kutumia kopo. Elezeni: nyayo hapa, maji haya ya kujisafishia, haya ya kumwagia, ndoo hii ni ya kuogea na haiingii chooni. Akitumia karatasi, semeni kama inatupwa shimoni au kwenye ndoo yenye kifuniko. Choo cha kumwagia maji chenye bomba jembamba huziba kwa karatasi ndani ya wiki. Msichana aambiwe na mwanamke wa nyumba pedi zinatupwa wapi na zinachomwa lini. Asipoambiwa atazificha chumbani, baadaye mtaulizana harufu inatoka wapi.

Maji ya kunywa yachemke kwa nguvu dakika moja kamili, yapozwe yakiwa yamefunikwa, yahifadhiwe kwenye chombo cha mdomo mwembamba au chenye bomba ili asizamishe kikombe. Tengeni lita 4 kwa siku kwa ajili yake, kwa sababu na meno atapigia hayo hayo. Ya kuogea, ndoo moja ya lita 20 kwa siku inamtosha mtu aliyezoea kopo. Ambaye hajazoea atamaliza mbili wiki ya kwanza.

Siku tatu za mwanzo

Siku ya kwanza msimwalikie ukoo. Ametoka safari ya siku mbili au zaidi, na kama alipanda treni kutoka Dar es Salaam amekaa kilomita zipatazo 1,250 kwenye kiti. Mwonyesheni chumba, choo, maji ya kunywa na ufunguo, mpeni wali na mchuzi mwepesi, aachwe alale.

Siku ya pili ni ya miguu. Mtoto mkubwa wa nyumba atembee naye kutoka nyumbani hadi shuleni na kurudi, kisha mwanafunzi aongoze njia mwenyewe. Nyumba zetu zinaelekezwa kwa msikiti, mwembe na duka la fulani, hivyo aandike kwenye karatasi sentensi ya kumwambia bodaboda: "Nipeleke Mwanga, karibu na..." Mtafutieni bodaboda mmoja au wawili mnaowajua, achukue namba zao. Laini ya simu inasajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, kwa hiyo aende mwenyewe. Asipewe laini iliyosajiliwa kwa jina la mtoto wenu, hata kama ni kwa muda.

Siku ya tatu mpeni jembe. Si la shambani: kazi mbili au tatu za kudumu, zenye siku na saa. Kuosha vyombo vya jioni Jumatatu na Alhamisi, kufagia uwanja Jumamosi asubuhi, kuchambua mchele au dagaa. Nguo zake za ndani afue mwenyewe kila jioni anapooga. Mama wengi wanaona aibu kumtuma mzungu, na hapo ndipo wanapomharibia: asiye na kazi ndani ya nyumba anajifungia chumbani na simu, halafu anaitwa ana maringo.

Saa na lugha

Andikeni saa zetu na zao kwenye karatasi, mbandike ukutani. "Tukutane saa mbili asubuhi" kwake ni usiku wa manane, na "saa mbili" bila neno la asubuhi atakuja alasiri, saa nane yetu. Wiki mbili za mwanzo kila miadi itajwe kwa namna zote mbili.

Lugha ndiyo iliyomleta, na wema wenu ndio unaomnyima. Kila mtu nyumbani anataka kupiga Kiingereza chake, miezi inakwisha, naye anaondoka na "asante sana" na "pole pole". Wekeni sheria: mezani ni Kiswahili tu, Kiingereza ni kwa ugonjwa na hatari. Msimsahihishe kila neno, atanyamaza. Rudieni sentensi yake ikiwa imenyooka. Akisema "mimi nataka kwenda soko", jibuni "Aa, unataka kwenda sokoni?" Shikamoo aijue tangu uwanja wa ndege, na ajue ni kwa waliomzidi umri, maana wengine huwaamkia hata watoto wa chekechea nao wanaitikia marahaba kwa raha zao. Akijifunza na "mwakeye" ya Kiha, wazee wa sokoni watampunguzia bei kwa kicheko tu.

Chakula

Kosa la kawaida ni mawese. Tumbo lisilozoea, likipewa mchuzi unaoelea mafuta mekundu siku ya pili, linaharisha, na nyumba nzima inadhani ni maji. Anzeni kidogo. Kwa watu sita, chukueni robo kilo ya dagaa wakavu, wakaangeni bila mafuta dakika mbili tatu kwenye sufuria ya moto hadi wanukie, toeni vichwa, osheni mara mbili kwa maji ya uvuguvugu mpaka mchanga usionekane chini ya bakuli. Vitunguu 2, nyanya 4, na mawese vijiko 2 vya mezani tu, mahali ambapo mngeweka nusu kikombe. Dakika kumi na tano, chumvi, ndimu. Wiki ya tatu rudini kwenye kipimo chenu.

Ugali wa muhogo mtupu unanata, na mgeni anautafuna kama ubani mpaka taya linauma. Changanyeni nusu kwa nusu na unga wa mahindi, na mwambieni wazi kwamba tonge dogo humezwa. Asile kwa mkono kama hataki. Lakini anawe mezani pamoja na wengine, kijiko kisimtenge.

Akisema hali nyama, ulizeni samaki je, mayai je, mchuzi uliopikiwa nyama je. Kwa wengine dagaa ni nyama. Mzio wa karanga si uchaguzi wala deko: kisamvu chenye karanga kinaweza kumfunga pumzi, na hata mwiko uliotoka kwenye sufuria hiyo usiguse chake. Neno "shiba" linahitaji makubaliano pia. Kwetu kuongezewa bila kuulizwa ni upendo. Yeye amefundishwa kumaliza sahani. Wawili hao wakikutana, mmoja anapakua na mwingine anateseka. Aambiwe kwamba kubakiza kidogo si tusi.

Mwezi wa Ramadhani, Ujiji hasa, nyumba inayofunga imweleze mapema: chakula cha mchana kitakuwa wapi, asile barabarani, na kelele za daku saa kumi alfajiri si moto umewaka.

Ziwa

Maji ya Tanganyika ni maangavu na vijana hawazuiliki. Hatari isiyoonekana ni kichocho. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji ya kina kifupi penye majani, hasa karibu na makazi, na vijidudu hutoka kwao kwa wingi jua linapokuwa kali. Kuvuka maji hayo kwa dakika chache kunatosha, na kujifuta haraka si kinga ya uhakika. Ufukwe wa mchanga au mawe usio na majani una hatari ndogo, si sifuri. Aliyeingia ziwani apime baada ya wiki 6 hadi 8, siyo kesho yake, kwa sababu mapema mno kipimo hakioni kitu. Dawa ni praziquantel, kipimo chake hufuata uzito, na anayeipanga ni daktari.

Kwenda Gombe ni kwa boti. Avae jaketi la kuokolea hata kama wote ndani ya boti wanamcheka. Akiwa na mafua asiende, kwani sokwe wanaambukizwa magonjwa ya kifua ya binadamu.

Homa

Sheria moja: homa yoyote, apimwe malaria siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya dakika 20 hivi. Kusema "anakunywa dawa za kinga, si malaria" kumewaponza wengi. Kinga inapunguza, haizuii yote. Zaidi, mwanafunzi anayeumwa tumbo huacha vidonge kimya kimya. Kama ni doxycycline, ale kwanza, anywe na glasi nzima ya maji, asilale papo hapo, na ajifunike jua maana ngozi yake itaungua upesi kuliko kawaida. Asipewe dawa iliyobaki ya mtoto, wala nusu dozi. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni. Njia ya kufika huko usiku, na nani ana gari, viamuliwe kabla ya homa.

Mikopo, picha na kurudi usiku

Hapa mwenye nyumba aseme kwa sauti mbele ya watu wote, wajomba wakiwemo: hakuna kumkopa mwanafunzi, hakuna kumwomba simu, hakuna kumpelekea ada ya mtoto. Mwanafunzi naye aambiwe akiombwa ajibu, "Nitamwuliza mama." Jibu hilo linamwokoa bila kumvunjia mtu heshima. Mikopo midogo midogo ndiyo inayovunja undugu huu kuliko chakula na choo vikiwekwa pamoja.

Picha: asipige bandari, kambi za jeshi, polisi, wala watoto wa watu bila idhini. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu si mahali pa matembezi, kuingia kunahitaji kibali cha serikali. Saa ya kurudi iwe moja kwa mwanafunzi na kwa mtoto wenu wa umri huo. Mkimwekea yeye saa nne na binti yenu saa moja, mmewagombanisha wenyewe.

Likitokea la kutokea

Msingoje limee mizizi. Kila Jumapili jioni kaeni dakika 20, kila upande utaje jambo moja linalokwaza, lenye kitendo na siku: "Jumanne uliacha mlango wazi," siyo "hujali". Sisi tumezoea kuzunguka na kusema kwa kupitia mtu wa tatu. Yeye anazoea kusema usoni, na asipoambiwa usoni haelewi kabisa kwamba ameambiwa. Jambo likirudi mara ya tatu, mpigieni mratibu wake wa taasisi iliyomleta. Wizi, ulevi wa kurudiarudia, au mtu wa nyumba kumgusa asivyotaka havisubiri mara ya tatu, wala havimalizwi kikao cha ukoo. Hapo ni mratibu siku hiyo, na kwa la mwisho ni polisi.

Wiki ya mwisho

Funga hesabu siku tano kabla, si asubuhi ya safari. Someni karatasi mliyosaini, mlipane. Mkumbusheni kwamba akipata homa kwao, hata miezi kadhaa baadaye, amwambie daktari alikuwa Kigoma, na kwamba kipimo cha kichocho bado anakidai.

Zawadi huwa dagaa na mawese. Dagaa wakaushwe tena juani siku nzima, wafungwe mifuko miwili isiyopitisha hewa, na aulize kwanza forodha ya nchi yake inaruhusu nini. Mawese yaende kwenye begi la chini, si la mkononi, ndani ya chupa ya mdomo mpana iliyozungushiwa utepe wa gundi na kufungwa nguo. Mdomo mpana una sababu: kwenye baridi yao yataganda kama siagi, hayatatoka kwenye chupa ya soda, na yeye atadhani yameharibika. Mwambieni aiweke chupa kwenye bakuli la maji moto robo saa, yatayeyuka.